Kaseti ya Babu na Hedifoni Zangu

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilitumia shilingi 8,000 za mkopo wangu wa masomo kununua hedifoni. Nilipofika nyumbani Busia kwa likizo, mama alizitazama, akauliza bei, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hayo ni mabati manane." Hakuongeza neno. Jiko letu lilikuwa linavuja na mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza.

Insha hii ni jaribio langu la kumjibu mama. Je, kifaa bora cha kusikilizia humwongezea mtu furaha ya muziki, au humwongezea kifaa tu? Na kama furaha inaongezeka kweli, ina uzito gani ikiwekwa kwenye mizani pamoja na mabati manane?

Nianze kwa kukiri kwamba nimelelewa na spika mbovu. Mji wetu umekaa juu ya mpaka, nusu yake Kenya na nusu yake Uganda. Ukisimama karibu na forodha, sikio moja linapokea nyimbo za Kampala kutoka upande wa Sofia, na jingine linapokea benga kutoka kwenye matatu inayongoja abiria wa Kisumu. Bodaboda, ambazo wazee wetu husema jina lake lilizaliwa hapa hapa baiskeli zilipokuwa zikibeba watu kutoka boda moja hadi nyingine, siku hizi ni pikipiki zenye spika zilizofungwa kwa waya. Wufa za vinyozi hutikisa vioo mpaka mteja anaogopa wembe. Nyumbani, babu alikuwa na redio kaseti ambayo betri zake zilianikwa juani juu ya bati ili zipate nguvu za kumalizia wiki. Hakuna kimoja kati ya vifaa hivyo ambacho mtaalamu wa sauti angekiita kizuri. Lakini mtu akiniambia kwamba hatukufurahi, nitambishia mpaka kesho.

Hata hivyo, jioni ya kwanza ya hedifoni zangu ilinishangaza. Nilicheza nyimbo za George Mukabi, mpiga gitaa wa Magharibi ya Kenya aliyefariki mwaka 1963, mmoja wa waliousambaza mtindo wa omutibo. Nyimbo hizo nimezisikia tangu sijajua kusoma. Katika omutibo, pamoja na gitaa, mara nyingi husikika chupa ya Fanta ikigongwa na kukwaruzwa ili kushika mwendo. Kwenye redio ya babu chupa hiyo ilikuwa kama msumari unaogongwa kwa jirani. Sasa niliisikia kama chupa: kioo chake, mikunjo yake, mkono wa mtu unaochoka kidogo kuelekea mwisho wa wimbo. Nilisikia kidole kikiteleza juu ya uzi wa gitaa. Nilisikia pumzi ikivutwa kabla ya ubeti. Nilikaa macho mpaka saa saba usiku, na sitadanganya: ilikuwa furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa wimbo ule ule.

Basi swali lingeweza kuishia hapo. Kifaa bora, furaha zaidi. Lakini nilipojaribu kuelewa kwa nini sauti ilibadilika, nilikutana na jambo lililonitatiza.

Uzi mnene kuliko wote wa gitaa, ukifungwa kwa kawaida, hutetemeka takribani mara 82 kwa sekunde, yaani hezi 82. Spika ya simu, ambayo ni ndogo kuliko kifuniko cha chupa, haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito kama hiyo. Hata hivyo, ukimsikiliza Mukabi kwenye simu, unausikia uzi ule. Inawezekanaje? Ni kwamba uzi ukitetemeka hautoi sauti moja. Hutoa pia sauti nyembamba zinazoandamana nayo, za hezi 164, 246, 328 na kuendelea. Spika ndogo huweza angalau zile za juu, na ubongo, ukiona jinsi zilivyopangana, huhitimisha wenyewe kwamba mama yao ni 82, na unamsikia mama ambaye hayupo. Kwa hiyo msikilizaji wa redio mbovu si mtu anayepokea kidogo na kuridhika kwa ujinga. Anafanya kazi. Anajenga nusu ya wimbo kwa kichwa chake, kila siku, bila malipo.

Nilipolijua hili niliona aibu kidogo kwa jinsi nilivyoanza kuwacheka wenzangu wa bwenini na vispika vyao. Aibu hiyo iliongezeka pale rafiki yangu mmoja aliponifanyia mtihani. Alinifunga macho kwa skafu, akanichezea wimbo mmoja mara kumi kwenye hedifoni zile zile, mara faili lililobanwa kwa kiwango cha juu, mara lile la ubora wa CD, akaniuliza kila mara ni lipi. Nilipata sita. Sarafu ikirushwa hupata kama tano. Na mimi nilikuwa nimeshajigamba kwa majuma mawili kwamba nasikia tofauti.

Halafu ikaja hasara yenyewe. Kuna kaseti moja katika ukoo wetu. Sisi ni Wateso, na Wateso tumekatwa na mpaka: wengine tuko Busia upande wa Kenya, wengine wako Tororo upande wa Uganda, na harusi zetu na matanga yetu huvuka kila mwezi. Mwaka 1987 ndugu yake babu alikuja kutoka Tororo akiwa na adeudeu, kile kinubi chetu cha nyuzi, akakaa chini ya mwembe wakati watu walipokuwa wakinywa ajono kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, akapiga na kuimba mpaka jua likazama. Babu alibonyeza kitufe cha kurekodi. Mwezi Desemba mwaka huo huo wanajeshi wa nchi hizi mbili walirushiana risasi hapa Busia, na mpaka ukafungwa. Mpiga adeudeu hakurudi tena na kinubi chake. Aliugua, akafa kwao. Ile kaseti ndiyo iliyobaki.

Redio kaseti ya babu ilipokufa, ami yangu aliipeleka kaseti kwenye kibanda cha mjini ikanakiliwa kuwa MP3 na kuwekwa kwenye flashi. Tangu hapo babu huisikiliza kwenye redio ya flashi, karibu kila Jumapili. Mimi nimekulia ndani ya wimbo ule. Nilipouweka kwenye hedifoni zangu mpya nilitarajia muujiza kama ule wa Mukabi. Badala yake nilisikia uchafu. Nyuzi zililia kama zinapigwa chini ya maji. Sauti ya mzee ilikuwa na mikwaruzo ya bati. Kibanda kilikuwa kimenakili kwa kilobiti 64 kwa sekunde ili faili lisijaze flashi. CD hubeba 1,411. Hedifoni hazikuharibu chochote. Zilinionyesha tu uharibifu uliokuwapo siku zote. Lakini matokeo yake ni kwamba wimbo niliokuwa nikiupenda kwa miaka kumi sikuweza tena kuusikiliza hadi mwisho.

Hapa ndipo swali linapokuwa la kifalsafa kweli. Mwanafalsafa John Stuart Mill alishikilia kwamba furaha si za daraja moja, na kwamba mwamuzi wa haki kati ya furaha mbili ni yule aliyezionja zote mbili. Mimi nimezionja zote mbili: redio mbovu na hedifoni nzuri. Kwa hoja hiyo ningepaswa kuwa hakimu. Lakini vipi kama kuonja ya pili kunamharibia mtu ulimi kwa ile ya kwanza? Aliyezoea hedifoni hawezi tena kurudi kwenye flashi ya babu akiwa yule yule wa zamani. Anatoa hukumu juu ya furaha ambayo hawezi tena kuihisi. Hakimu wa namna hiyo ana mapungufu yake.

Kuna kisa kingine kinachowatetea wenye vifaa duni. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimewafikia Wakipsigis kupitia gramafoni. Waliisikia sauti ngeni na gitaa vikitoka ndani ya sanduku, nao wakamfikiria mwenye sauti hiyo kuwa kiumbe nusu mtu, nusu swala. Wakamtungia wimbo wao wenyewe. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala za rekodi hizo zilirudishwa kwa watu wa huko. Gramafoni ile ilikuwa na mikwaruzo na sauti nyembamba, lakini sidhani kama kuna mwenye vifaa vya mamilioni ambaye Rodgers amemfanya atunge kitu kizuri kuliko hicho. Uduni wa chombo uliacha nafasi, na watu wakaijaza.

Kufikia hapo nilikuwa karibu kukubali kwamba mama alikuwa sahihi kwa mabati yote manane. Kilichonizuia ni safari ya Tororo.

Mtoto wa yule mpiga adeudeu, ambaye ni baba yangu mdogo kwa desturi zetu ingawa umri wake si mkubwa, ana studio ya chumba kimoja pale Tororo, mahali ambapo ukitoka mlangoni unauona ule mwamba mkubwa juu ya paa za watu. Kwake kuna mashine ya zamani ya kaseti iliyotunzwa vizuri. Nilimwomba babu kaseti yenyewe, akanipa baada ya kunikanya mara tatu, nikavuka nayo mpaka ikiwa kwenye mfuko wa shati.

Baba mdogo aliisafisha mashine kwa pamba na spiriti. Kisha akachukua bisibisi ndogo na kuigeuza skrubu moja kidogo kidogo huku akisikiliza, mpaka sauti iliyokuwa imefunikwa ikafunguka. Alinieleza kwamba kichwa cha mashine kinapaswa kukaa kwa pembe ile ile ya kichwa kilichorekodi, la sivyo sauti nyembamba zinapotea. Utepe hupita mbele ya kichwa hicho sentimita 4.76 tu kwa sekunde, na juu ya kipande hicho kifupi ndipo sekunde nzima ya mwaka 1987 imeandikwa. Tulinakili pande zote mbili bila kubana chochote. Nikavaa hedifoni.

Kulikuwa na mvumo wa utepe kama mvua ya mbali. Kulikuwa na adeudeu, safari hii ya mti na ngozi. Na nyuma yake, upande wa kwanza, karibu na dakika ya kumi na moja, mwanamke alicheka. Kicheko kifupi kinachoanzia juu na kushuka, halafu maneno mawili ya Kiteso ambayo sikuyashika, halafu kicheko tena.

Nyanya yangu alifariki nikiwa na mwaka mmoja. Hakuna video yake. Kuna picha mbili, zote akiwa amekaza uso kama watu wa zamani walivyofanya mbele ya kamera. Baba mdogo alinitazama, akavua hedifoni kichwani kwangu, akasikiliza, akasema, "Huyo ni mama wa Busia. Nilikuwa mtoto, lakini huyo ni yeye."

David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha uonjaji, alisimulia kisa alichokitoa katika riwaya ya Don Quixote. Ndugu wawili walionjeshwa divai. Mmoja alisema ni nzuri ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri ila ina ladha ya chuma. Wote walichekwa. Pipa lilipokwisha, chini yake ulikutwa ufunguo wenye kamba ya ngozi. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilidhani kisa hicho ni cha watu wenye ulimi mkali. Sasa naona ni kisa cha pipa. Kama mtu angeichuja divai ile kabla ya kuonjwa, hakuna ulimi ambao ungeupata ufunguo.

Ile MP3 ya kibandani ilikuwa imechujwa. Programu za kubana sauti hufanya kazi kwa kanuni ya kufunikwa: sauti kubwa ikipigwa karibu na ndogo, sikio hushindwa kuisikia ndogo, basi programu huitupa ili kuokoa nafasi. Ni akili nzuri, na ndiyo iliyoniwezesha kubeba nyimbo mia kwenye simu. Lakini kicheko cha nyanya kilikuwa sauti ndogo nyuma ya nyuzi kubwa. Programu ilihesabu kwamba hakuna atakayeikosa, ikaitupa.

Nilirudi Busia na kwenda moja kwa moja kwa babu. Nilimvalisha hedifoni, nikamwekea dakika ya kumi na moja. Alisikiliza kwa muda akiwa ameinamisha kichwa, kisha akazivua na kunirudishia.

"Huyu ananipigia ndani ya kichwa," alisema. "Ndugu yangu hakupiga ndani ya kichwa changu. Alipiga pale." Akanyoosha mkono kuelekea kwenye mwembe.

"Babu, umemsikia nyanya?"

"Nimemsikia. Anacheka pale mrija wa jirani yake unapodondoka." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Kwani wewe siku zote ulikuwa humsikii?"

Kisha akawasha redio yake ya flashi, ule wimbo wa chini ya maji, na ilipofika mahali pale akatabasamu. Katika faili lile nyanya hayumo. Nimelikagua kwa kompyuta, hayumo. Babu alimsikia hata hivyo.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza kama vifaa bora huongeza furaha. Nauliza: furaha ya nani? Babu alikuwapo chini ya mwembe. Kwake yeye wimbo ni ukumbusho, na kwa ukumbusho redio yoyote inatosha, kama vile ubongo unavyoukamilisha uzi wa hezi 82. Hedifoni hazikumwongezea kitu, zilimwondolea mahali. Wasichana wa Kipsigis nao hawakuwa na haja ya kumjua Rodgers alivyokuwa. Walihitaji cheche tu ya kuwasha wimbo wao. Lakini mimi sikuwapo. Sina cha kukamilishia. Pale ambapo sauti haikuandikwa, ubongo wangu hauwezi kumjenga nyanya kutokana na hewa tupu. Aliyekuwapo anaweza kuishi na kifaa duni. Asiyekuwapo hana mlango mwingine.

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Methali hii inafaa kwenye kugawana nyama, lakini kwenye kurekodi naikataa. Anayerekodi anafanya kazi kwa ajili ya asiyekuwepo, maana waliopo wameshasikia. Ndiyo maana nadhani wapenzi wa vifaa, mimi nikiwamo, tumeweka fedha zetu upande usiofaa. Spika inaweza kununuliwa kesho, au na mjukuu. Rekodi hufanywa mara moja, na kilichotupwa siku hiyo hakinunuliki. Leo matanga yetu na harusi zetu zinarekodiwa kwa simu, zikatumwa kutoka kundi hadi kundi zikibanwa upya kila mara, na ile ya kwanza ikafutwa ili kupata nafasi. Tunawachujia pipa watu ambao bado hawajazaliwa.

Najua kuna atakayesema kwamba hii ni kupapatikia wafu huku walio hai wakilowa. Pingamizi hilo ni zito na sitalikwepa. Sikuwa na haki ya kununua hedifoni kabla ya kuziba jiko, na ugunduzi wa Tororo hauifuti kosa hilo, kwa sababu siku ya kununua sikujua kuhusu kicheko chochote. Nilinunua kwa ajili ya kujigamba. Bahati ikitokea baadaye haimgeuzi mtu kuwa mwenye busara. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba gharama ya kunakili kaseti ile vizuri ilikuwa nauli ya kwenda Tororo na alasiri moja ya baba mdogo, na kwamba hata familia inayovujiwa inaweza kujikakamua kwa kiasi hicho. Mashine nzuri moja, kwa mtu mmoja mwenye subira, inatosha ukoo mzima wa pande mbili za mpaka.

Jioni ile nilimvalisha mama hedifoni. Alimjua nyanya kwa miaka kumi, kama mkwe anavyomjua mama mkwe, kwa mazuri na mengine. Alisikiliza mara moja, akaniashiria nirudie, akasikiliza tena. "Ni yeye kabisa," alisema. Alizivua na kuzishika mapajani kwa muda. Kisha akainua macho juu ya jiko, mahali beseni lilipowekwa.

"Lakini bado ni mabati manane."

Ni kweli. Manne yameshafika.